Albamu ya Marehemu: Stempu za Urithi, Thamani na Haki ya Mali kati ya Dzaleka na Soko la Tsoka, Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mkusanyo wa stempu uliorithiwa unavyopata thamani, na jinsi unavyoipoteza, unapokuwa mikononi mwa mrithi aishiye katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi. Kwa kufuatilia historia ya stempu za Afrika ya Kati na Maziwa Makuu tangu miaka ya 1890, makala yanadai kwamba bei ya stempu hizo ilitengenezwa mbali na mahali zilipotumika, ilhali ushahidi unaozipa uzito, yaani bahasha, mihuri ya posta na maelezo ya familia, umebaki kwa mrithi. Uuzaji wa haraka huuharibu ushahidi huo kabla bei haijajulikana. Chanzo cha haraka hiyo ni uhitaji, lakini pia ni mfumo wa kisheria unaombana mkimbizi katika makazi, kazi na hati. Makala yanapendekeza utaratibu wa kuorodhesha kabla ya kuuza, na yanaonyesha kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unatoa msingi wa kufanya hivyo, hata baada ya kuzingatia mipaka ambayo Malawi ilijiwekea ilipojiunga nao.

1.0 Utangulizi

Mtu anayekimbia vita huchukua kile kinachobebeka. Nyumba, shamba na mifugo hubaki nyuma. Picha, vyeti na karatasi za wazee huweza kufungwa katika kitambaa na kuvuka mpaka. Albamu ya stempu ni mojawapo ya mali za namna hiyo. Ni nyepesi, haina mlio wala mng'ao, na asiyeijua haioni kuwa ni mali. Sifa hizo ndizo zinazoihifadhi njiani, na ndizo zinazoiweka hatarini mwenyewe anapofika mahali ambapo hana budi kuigeuza kuwa fedha.

Dzaleka, iliyoko katika wilaya ya Dowa yapata kilometa 45 kaskazini mwa Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1994 iligeuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha wakazi hao. Kwa hiyo suala la mirathi inayobebeka kutoka Maziwa Makuu linaweza kujadiliwa vyema katika lugha hii.

Ili hoja ishikike, makala yatatumia mfano mmoja wa kubuni. Mrithi ni mama wa makamo kutoka Kivu ya Kusini. Babu yake alikuwa karani wa posta tangu miaka ya 1940, akamwachia binti yake albamu moja na kasha la bahasha za barua za familia. Binti huyo amefariki, na mali imemfikia mjukuu aliyeko Dzaleka. Mjukuu anahitaji ada ya shule ya watoto, na amesikia kwamba stempu za zamani zinauzwa kwa mamilioni. Maswali yake ni matatu: albamu ina thamani gani, nani atainunua, na je, ana haki ya kuiuza? Maswali hayo yanaonekana ya kibiashara, lakini majibu yake yamo katika historia.

2.0 Stempu kama tendo la utawala

Stempu za kanda hii zilizaliwa kutokana na ushindani wa kumiliki ardhi. Mwaka 1891 eneo ambalo leo ni Malawi lilianza kutumia stempu za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini zilizopigwa juu yake herufi B.C.A., kifupi cha jina la Afrika ya Kati ya Waingereza. Miaka miwili baadaye, Afrika Mashariki ya Wajerumani ilipata stempu za Ujerumani zilizopigwa thamani mpya kwa pesa. Mwaka 1901 zikafuata stempu zenye picha ya jahazi la Kaisari, Hohenzollern, na kuanzia 1905 thamani zikaandikwa kwa heller. Katika kila hatua chapa ya ziada juu ya stempu ilikuwa tangazo la nani anatawala, na mara nyingi ilitangulia taasisi ambazo utawala huo ulidai kuwa nazo.

Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha mtindo huo. Mwaka 1916 stempu za Nyasaland zilipigwa chapa N.F. mjini Zomba kwa ajili ya majeshi yaliyoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani kutoka kusini. Zilikuwa za thamani tano tu, kuanzia nusu peni hadi shilingi moja. Mwaka huohuo Wabelgiji, walioiteka Tabora mwezi Septemba, walitumia stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya lugha mbili, Kifaransa na Kiflemi, kutangaza ukaliaji wao. Chapa za RUANDA na URUNDI za mwaka 1916 nazo zimo katika kundi hilo, na zimeghushiwa sana tangu wakati huo. Kuanzia 1924 jina Ruanda-Urundi likapigwa rasmi juu ya stempu za Kongo ya Wabelgiji.

Mfano unaoeleza zaidi ni wa stempu za Wuga. Wajerumani walipopungukiwa na stempu kwa sababu ya kuzingirwa baharini, walichapisha za dharura katika mtambo wa misheni huko Wuga, Usambara, mwaka 1916. Meli iliyopenya mzingiro ilileta stempu za kawaida, hivyo zile za Wuga zikakosa kazi kubwa ya posta. Zikafukiwa ardhini zisitekwe na Waingereza, zikafukuliwa mwaka 1921 na kuuzwa kwa mnada Berlin. Hapa tunaona kwa uwazi jambo litakalojirudia: kitu kilichochapwa Afrika, katika ardhi ya Waafrika, kilipata bei yake ya kwanza katika ukumbi wa Ulaya, miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Usambara.

Enzi ya uhuru ilirudia mbinu ileile kwa maana mpya. Mwaka 1960 stempu za Kongo ya Wabelgiji zilipigwa neno CONGO; Katanga ilipojitenga mwezi Julai mwaka huo ikapiga KATANGA, na Kasai ya Kusini ikafuata mwaka 1961. Mwaka 1962 stempu za Ruanda-Urundi zilipigwa jina la Ufalme wa Burundi, na ufalme ulipoondolewa Novemba 1966, jina la jamhuri likachukua nafasi yake. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, iligonga kwa mkono maneno ya Kiswahili JAMHURI 1964 juu ya stempu zenye sura ya Sultani. Albamu iliyokusanywa na karani mmoja kati ya 1945 na 1970 inaweza kuwa na tawala hizo zote katika kurasa chache.

3.0 Jinsi thamani inavyokadiriwa

Mrithi wetu anapoanza kuuliza bei hukutana kwanza na katalogi. Stanley Gibbons ya London ilitoa orodha yake ya kwanza ya bei mwaka 1865. Wafaransa wana Yvert et Tellier, Wajerumani wana Michel, na Wabelgiji wana katalogi yao rasmi inayoshughulikia pia Kongo na Ruanda-Urundi. Uchaguzi wa katalogi ni jambo la msingi, kwa kuwa kila moja huingia kwa undani zaidi katika makoloni ya nchi yake. Anayethamini stempu za Urundi kwa katalogi ya Kiingereza pekee anaweza kupitwa na tofauti ndogo za chapa ambazo mnunuzi wa Brussels anazijua.

Hata katalogi sahihi husomwa vibaya. Bei iliyoandikwa humo ni bei ambayo muuzaji mwenye duka, mwenye ujuzi na dhamana, angemtoza mteja kwa stempu iliyo katika hali nzuri. Mfanyabiashara anayenunua kutoka kwa mrithi hutoa sehemu tu ya bei hiyo, kwa kuwa lazima ahifadhi, atafute mteja na apate faida. Kwa stempu za kawaida kabisa, bei ya chini ya katalogi hufidia kazi ya kuitafuta na kuifunga stempu hiyo, wala haimaanishi kwamba kipande hicho cha karatasi kina soko. Mrithi anayejumlisha bei za chini za stempu 800 hupata jumla kubwa ambayo hakuna atakayeilipa.

Jambo la tatu ni hali ya stempu. Meno ya pembeni yaliyokatika, gundi iliyoliwa na unyevu, madoa ya kutu, na karatasi iliyopungua unene baada ya stempu kubanduliwa kwa nguvu hushusha bei kwa kiasi kikubwa. Karatasi ndogo za kubandikia, zilizotumiwa na wakusanyaji wa zamani kuziweka stempu katika albamu, huacha alama mgongoni. Albamu iliyovuka ziwa na misimu ya mvua haiwezi kulinganishwa na iliyokaa kabatini Antwerp.

La nne ni wingi. Baada ya uhuru, Rwanda na Burundi zilitoa stempu nyingi za kupendeza, zenye wanyama, michezo ya Olimpiki na safari za anga za juu, ambazo kwa sehemu kubwa ziliuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Nyingi zilipigwa muhuri kabla ya kuuzwa, gundi ikiwa bado mgongoni, bila kubeba barua yoyote. Zinavutia macho kuliko stempu zote katika albamu, na kwa kawaida ndizo za bei ndogo zaidi. Kinyume chake, stempu yenye rangi iliyofifia na chapa nyeusi ya 1916 inaweza kustahili uchunguzi wa mtaalamu. Hata hivyo, palipo na ughushi mwingi, mnunuzi makini hudai cheti. Jumuiya ya Kifalme ya Stempu ya London imekuwa na kamati ya uchunguzi tangu 1894, na zipo nyingine kama hiyo. Cheti kina gharama, hivyo huombwa tu kwa stempu chache ambazo bei yake inatarajiwa kuizidi gharama hiyo mara kadhaa.

4.0 Bahasha na ushahidi wa familia

Mpaka hapa tumefuata mantiki ya katalogi, inayomfundisha mrithi kutazama stempu moja moja. Mantiki hiyo inamdhuru. Karani wa posta hakuacha stempu peke yake. Aliacha pia kasha la bahasha. Mtu aliyeelekezwa kutafuta stempu huchukua mkasi au maji ya vuguvugu, akazitoa stempu kwenye bahasha, na kutupa kilichobaki. Kwa tendo hilo la nusu saa anaweza kuwa ameondoa sehemu kubwa ya thamani, ya soko na ya historia kwa pamoja.

Sababu ni rahisi. Stempu ya kawaida ya Ruanda-Urundi ya miaka ya 1940 ilichapwa kwa maelfu mengi. Bahasha iliyopigwa muhuri wa Usumbura, ikapita Kigoma na kufika Costermansville ikiwa na tarehe tatu zinazosomeka, ni moja tu. Inaonyesha barua ilichukua siku ngapi, njia gani ilikuwa wazi, nani alimwandikia nani na kwa anwani ya aina gani. Majina ya mihuri yenyewe ni historia: Costermansville ni Bukavu ya leo, Albertville ni Kalemie, Elisabethville ni Lubumbashi. Wakusanyaji wa historia ya posta hulipia ushahidi huo, na kwa bahasha za maeneo madogo au nyakati za vita hulipia zaidi ya wanavyolipia stempu iliyobanduliwa.

Kwa mwanahistoria, hoja ni nzito zaidi. Barua za makarani, walimu na wauguzi wa Kiafrika, ambao wengi waliandikiana kwa Kiswahili, ni adimu katika hifadhi za kumbukumbu zilizojazwa majalada ya serikali. Ukimya huo unaonekana hata katika stempu za N.F. tulizozitaja. Zilitumiwa na askari wenye kuandika; watengatenga, yaani wapagazi wa Nyasaland waliobeba mizigo ya vita hivyo, hawakuacha mfululizo wa bahasha wa kulinganishwa nazo. Kila kasha la barua za Kiafrika linalokatwa vipande linaongeza ukimya huo.

5.0 Mrithi mbele ya sheria

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, ikatunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 1989. Katika kujiunga, iliweka mipaka kuhusu vifungu kadhaa. Kifungu cha 13, kinachohusu mali inayohamishika na isiyohamishika, kilichukuliwa kuwa pendekezo tu lisilo na nguvu ya wajibu. Kifungu cha 17, kuhusu kazi za mshahara, na cha 26, kuhusu uhuru wa kutembea, navyo viliwekewa mipaka. Serikali ilibaki na mamlaka ya kumpangia mkimbizi mahali pa kuishi. Sera ya kuwaweka wakimbizi kambini ilisimama juu ya msingi huo. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi walioishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo wengi wakaondolewa mijini.

Mipaka hiyo ina athari ya moja kwa moja kwa bei. Mali ya urithi huuzwa vizuri pale mwenyewe anapoweza kusubiri, kulinganisha wanunuzi na kukataa. Mrithi wa Dzaleka hawezi kwenda na kurudi Lilongwe apendavyo. Mnada wa Ulaya huhitaji kitambulisho kinachokubalika, anwani na akaunti ya kupokea malipo. Zaidi ya hayo, mnunuzi makini atauliza: una uthibitisho gani kwamba mali hii ni yako? Cheti cha kifo cha babu kiko Kongo, kama kipo. Mrithi halali anaonekana kama mtu aliyeokota albamu njiani.

Kwa hiyo kinachobaki ni soko la karibu. Tsoka, katika mji wa kale wa Lilongwe, ni soko la wachuuzi, nguo za mitumba na vitu vya mkononi. Jina lenyewe kwa Kichewa lina maana ya mkosi, ingawa kwa maelfu wanaopata riziki humo ni kinyume chake. Mchuuzi wa Tsoka anayeinunua albamu kwa bei ya chakula cha wiki moja hatendi hila. Yeye pia hana katalogi, na ananunua kitu asichojua atamuuzia nani. Hasara inatokana na soko ambalo pande zote mbili hazina maarifa, na ambalo mmoja wao hana muda. Albamu huuzwa ukurasa kwa ukurasa, bahasha hubaki bila mnunuzi, na baada ya mwezi mmoja hakuna awezaye kusema mkusanyo ulikuwa na nini.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kuorodhesha kutangulie kuuza. Orodha haihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Inahitaji daftari, mwanga mzuri na picha za simu za kila ukurasa na kila bahasha, mbele na nyuma. Iandikwe kwa Kiswahili kwa istilahi zilizokubaliwa: chapa ya ziada, muhuri wa posta, meno, gundi, hali. Hapa wanaisimu wana kazi, kwa kuwa wakazi wa Dzaleka waliosoma kwa Kifaransa husema timbre pale wengine wanaposema stempu. Kanuni moja iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza: usikate, usilowanishe, usibandue.

Pili, hati ya umiliki itolewe. Kifungu cha 25 cha Mkataba kinazitaka mamlaka zimsaidie mkimbizi kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwa mamlaka za nchi yake, na kifungu cha 12 kinalinda haki zilizotokana na hadhi yake binafsi. Vifungu hivyo havimo katika orodha ya vile ambavyo Malawi iliviwekea mipaka. Tamko la kiapo la mirathi, likiambatishwa na orodha yenye picha, linaweza kumwondoa mrithi katika nafasi ya mshukiwa. Kadhalika, kwa anayehamishiwa nchi ya tatu, kifungu cha 30 kinaruhusu kuhamisha mali aliyoingia nayo nchini, kwa kufuata sheria na kanuni za nchi.

Tatu, maudhui yatenganishwe na mali. Nakala za kidijitali za bahasha na barua zinaweza kuhifadhiwa, kwa idhini ya familia, katika taasisi kama Hifadhi ya Taifa ya Kumbukumbu iliyoko Zomba, ilhali mrithi anabaki huru kuuza asilia. Tamasha la Tumaini, linalofanyika Dzaleka tangu 2014, limeonyesha kwamba kambi inaweza kuwakaribisha watu wa nje kuja kutazama utamaduni wake. Maonyesho ya barua za familia yanaweza kupata nafasi katika mazingira ya aina hiyo.

Nne, washauri waseme ukweli kuhusu matarajio. Albamu nyingi hazitalipa ada ya mwaka mmoja. Mrithi anayeambiwa hivyo mapema, kwa heshima na kwa sababu zinazoeleweka, huokolewa na gharama za vyeti visivyo na faida, na huweza kuamua kwa utulivu kama auze au amwachie mwanawe.

7.0 Hitimisho

Mama wa mfano wetu aliuliza maswali matatu. Kuhusu thamani, huenda stempu zake za kupendeza zina bei ndogo, na bahasha alizotaka kuzitupa zina bei kubwa kiasi. Kuhusu mnunuzi, yuko mbali, na njia ya kumfikia inaanzia katika orodha. Kuhusu haki, anayo, lakini haijaandikwa popote ambapo mnunuzi angeweza kuisoma. Kuiandika ni kazi ndogo kwa ofisi yenye karatasi na muhuri. Babu yake alifanya kazi ya kugonga tarehe juu ya barua za watu ili ijulikane zilipita wapi na lini. Mjukuu anahitaji huduma hiyohiyo kwa mali aliyoachiwa.